Kibali cha Kumchukua Melkior

Singida,
14 Februari 1997

Mdogo wangu Remigius,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Gladys na watoto. Sisi huku tupo. Jua linatuchoma na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mwambie Gladys kahawa aliyotutumia ilifika, na sasa Mama hataki nyingine. Kila mgeni akikaa tu anaambiwa, "Hii imetoka kihambani kwangu, shamba letu la ukoo kule Kibosho," hata kama hakuuliza.

Tumbo la Mama ni lile lile. Daktari wetu alinivuta pembeni akanieleza kama mfanyakazi mwenzake, nami nikamsikiliza kama muuguzi. Nililia baadaye, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Hatapona, Remi. Nakuambia mapema usije ukasema nilikuficha.

Sasa lililonikalisha chini kuandika. Jumapili Padre alimletea Komunyo, na alipoondoka Mama akaniambia, kama mtu anayeomba chumvi, "Zita, wewe si kifungua mimba wangu."

Unajua kwamba kabla ya kuolewa na Baba alikuwa yaya kwa yule mama wa Kihindi, Malti, mama yake Ramnik wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Akiwa pale alizaa mtoto wa kiume, chumba cha uani, Malti akiwa ndiye mkunga. Usiniulize baba yake ni nani, hakusema nami sikumuuliza. Mtoto alizaliwa dhaifu, siku za Mamajusi. Mama alipoona anamponyoka, alikimbilia bomba la mtaani, lile walilokuwa wakichota watu wote, akajaza bilauri ya shaba ya Malti, akambatiza mwenyewe. Alimwita Melkior. Maji hayajamkauka kichwani akafa.

Kumpandisha mlimani, nyumbani Kibosho, hakuweza. Babu angewafukuza wote wawili, mzima na maiti. Basi Malti alitoa kitambaa cheupe, wakamzika wao wawili tu, pembeni ya bomba, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini na Mama alikuwa akienda kuchota kila asubuhi. Ile bilauri wakamwekea. "Kila nilipochota nilimsalimia," aliniambia. Kisha akaolewa, mtaa ukapanuliwa, bomba likaondolewa, lami ikamwagwa juu. Amekaa na jambo hili miaka yote hii akitupikia mtori na kututuma kuni, na sisi hatukujua.

Kwa hiyo, Remi, mimi ni wa pili na wewe ni wa tatu. Zoea.

Anachotaka ni kimoja. Mwanawe aletwe nyumbani, alazwe kihambani kabla yeye hajalazwa. Anasema hawezi kupumzika chini ya migomba wakati mtoto yuko chini ya magari. Na katika watu wote wa Moshi, anayeandika vibali vya kukata barabara ni wewe. Tafadhali mdogo wangu, fanya haraka.

Dada yako,
Zita


Moshi,
20 Machi 1997

Dada Zita,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu pia, umwambie watoto wanamtaja kila siku. Samahani kwa kuchelewa. Ufunguo wa sanduku la posta anao tarishi wa ofisi, na tarishi alikuwa likizo. Hapa mtaani Soweto hatujambo. Tito ameanza shule, lakini viatu anavivaa mpaka kona ya kwanza tu, halafu anavibeba mkononi. Kibosho nilipanda wiki mbili zilizopita. Ndizi ziko vizuri, kahawa si kama zamani, jirani wengine wameanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Ya kwetu sijaigusa.

Habari uliyoniandikia niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilikuwa nikipita mtaa ule karibu kila siku.

Lakini dada, naomba unielewe. Barabara haikatwi kwa sababu mtu ana uchungu. Watu wa maji wakitaka kuchimba wanaleta maombi na ramani. Mimi nayapeleka kwa watu wa umeme na wa simu waonyeshe nyaya zao zimepita wapi, polisi wa barabarani wanaarifiwa, bosi anatia sahihi, ndipo mtu anainua sululu. Na wakimaliza, wafukie, washindilie, warudishe lami kama walivyoikuta. Kwenye fomu kuna nafasi ya sababu. Unaandika bomba, au umeme, au simu, au maji taka. Hakuna mahali pa kuandika mtoto.

Ningesema tuombe kwa njia ya kufukua kaburi, lakini huko wataanza kuuliza kaburi gani, limesajiliwa wapi, marehemu nani, baba yake nani. Mama atataka kujibu hayo? Halafu lami ya pale ni mpya, imewekwa mwaka jana kwa fedha za wafadhili. Agizo ni kwamba isiguswe isipokuwa bomba limepasuka. Wenzangu wengi wamepunguzwa kazi mwaka huu, dada. Tuliobaki tunanyata.

Labda bomba la pale lipasuke lenyewe. Ni la zamani. Mwambie Mama ninashughulikia.

Ndugu yako,
Remigius


Singida,
6 Aprili 1997

Remigius,

Mama anakusalimu. Mimi pia, ingawa kwa shida.

Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya Tito na viatu, akacheka mpaka akashika tumbo. Iliyobaki sikuisoma. Nilimwambia tu, "Remi anashughulikia." Basi sasa kila nikirudi kutoka kazini anauliza, "Remi ameshachimba?" Nampa uji, ananiuliza. Namgeuza upande wa pili, ananiuliza. Amekonda, sasa namnyanyua peke yangu bila msaidizi, na unajua Mama alivyokuwa.

Sitaki kusikia habari za ramani. Sikukuuliza kibali kinaandikwaje, nilikuomba ukiandike. Watu wangapi wamekunywesha chai hapo mjini ili duka lao lipate maji kabla ya duka la jirani, nawe ukasogeza karatasi? Nakujua. Mtoto wa mama yako ndiye anayekwama?

Anasema ni mbele ya mlango wa pili wa nyumba ile, mlango wa jikoni, hatua chache kuelekea barabarani. Utapatambua kwa bilauri. Ni ya shaba, ina mstari wa maua mdomoni. Hiyo haiozi.

Usiponijibu nitajua umenijibu.

Zita


Moshi,
25 Mei 1997

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kwetu ni wazima na mvua imenyesha vya kutosha. Gladys amepata mahali pa kushonea nguo karibu na soko, ameweka cherehani yake pale. Tito alikuwa na surua lakini imepita. Padre wa Kibosho amehamishiwa Sanya Juu, aliyekuja ni kijana, mahubiri yake ni mafupi na watu wameyapenda. Mwembe wa shuleni uliangushwa na upepo. Mbuzi wa jirani yetu kule juu alizaa mapacha.

Ile kazi imekamilika. Bomba lilivuja, watu wa maji wakaomba, nikapitisha. Alikuwepo Antoni, fundi wao, ni mtu msiri. Bilauri hatukuiona, huenda waliopanua barabara zamani waliichukua. Lakini udongo wa mahali penyewe nimeuchota, nimeufunga kwenye kitambaa cheupe. Nimempa Thadeus wa Himo, yule dereva wa lori anayefuata vitunguu huko kwenu. Mpe Mama mkononi. Mwambie azikwe nao au tuutangulize kihambani kabla yake, vyovyote apendavyo.

Nisamehe kwa kuandika kwa kifupi, kazi ni nyingi.

Ndugu yako,
Remigius


Singida,
17 Agosti 1997

Remigius,

Nilifika salama. Asante kwa yote mliyofanya kwenye msiba. Gladys alisimama jikoni bila kukaa, mwambie sijasahau. Jeneza la Mama lilipotelemshwa pale chini ya migomba, nilikuona ulivyogeuza uso ukatazama mlima, nikasema moyoni, maskini mdogo wangu, ameumia kuliko mimi. Nilikuonea huruma. Nataka ujue hilo kwanza.

Siku ya kurudi basi lilichelewa. Nikaona, kwa nini nisiende kupaona pale alipokuwa amelala kaka yetu? Nikaenda kwa miguu. Nyumba nikaipata, mlango wa jikoni nikaupata. Lami ni nyeusi, laini, moja, kutoka mtaro hadi mtaro. Mimi si mtu wa ujenzi, lakini kiraka nakijua.

Nikadhani nimekosea mtaa. Nikaingia kwa Ramnik. Alinipa kiti na soda, akanipa pole ya Mama. Nikamuuliza kama watu wa maji walichimba hapo nje karibuni. "Hapa? Hapa hawajagusa tangu lami iwekwe, dada. Mimi nakaa mlangoni kutwa, ningeona." Halafu akasema jambo moja. Akasema Malti, mpaka mwaka alioaga dunia, kila mwanzo wa mwaka alikuwa akiweka ua moja pale kando ya barabara, na watoto wake wakidhani ni mambo ya sala zake. Akanionyesha mahali penyewe kwa kidole. Soda sikuimaliza.

Sasa nikueleze usichokijua, maana hukuwepo. Thadeus alipoleta ule udongo, Mama alikuwa hali chochote. Nilimwekea kiganjani. Akaufungua mwenyewe, akaunusa, akasema, "Bado una ubaridi wa bomba." Akamwita kwa jina. Akaongea naye Kichagga, maneno ya kubembeleza mtoto mchanga, ambayo sijawahi kumsikia akituambia sisi. Alilala nao kifuani, na asubuhi nikikuta umemwagika kwenye shuka nauokota chembe kwa chembe. Alikufa ameushika. Mimi ndiye niliyeuweka ndani ya jeneza, chini ya rozari.

Ulichota wapi, Remi?

Zita


Moshi,
9 Oktoba 1997

Dada Zita,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kaburi nimelijengea ukingo wa mawe. Mvua zimeanza mapema.

Ninachoweza kukutumia nimekiweka ndani ya karatasi hii.

Remigius


Singida,
12 Desemba 1997

Remigius,

Barua yako ilikawia, barabara zimekatika kwa hizi mvua ambazo redio inaziita kwa jina la kigeni. Madaraja yamekwenda, mahindi ya watu yameoza shambani. Sisi tuko salama, wodi zimejaa kipindupindu.

Nilifungua karatasi nikakuta jani la isale. Limekauka lakini bado ni isale. Wenzangu walioniona wakauliza hilo jani la nini, nikawaambia ni la kwetu, mtu akikukosea akakuletea isale huna ruhusa ya kumfukuza. Nawe unalijua hilo vizuri, ndiyo maana umelituma. Umenifunga mikono kwa posta.

Basi nimelipokea. Sitakuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kukataa isale. Nimekusamehe kwa yale uliyonitendea mimi, kunidanganya, kuniacha nilie kaburini kwa furaha kwamba wako pamoja. Nimesamehe na silirudii tena.

Lakini hukunikosea mimi peke yangu. Mama huwezi kumpelekea isale, na kilichoko kifuani pake hatuwezi kukitoa. Amebaki mmoja unayeweza kumpelekea. Unajua anakaa wapi. Mlango wa jikoni, hatua chache kuelekea barabarani.

Heri ya Noeli kwa Gladys na watoto.

Zita


Moshi,
22 Machi 1998

Dada yangu Zita,

Shikamoo. Pole na kazi, na poleni na kipindupindu, tumekuwa tukiwaombea. Gladys na watoto hawajambo. Tito sasa anavaa viatu mpaka shuleni, kisha anavisahau huko. Mimi niko nyumbani. Nitakueleza.

Uliniuliza nilichota wapi. Ni hapa Soweto, uani kwa mwenye nyumba, penye migomba yake karibu na bafu. Nilikuwa nimesimama nao mkononi, nikajiambia Mama atapata amani na hakuna atakayeumia. Ilinijia rahisi, dada. Hiyo ndiyo inayonitisha mpaka leo.

Baada ya barua yako nilikaa siku nyingi naipita ile fomu mezani. Mwezi uliopita niliijaza. Mahali pa sababu niliandika kwamba bomba linavuja. Halikuwa linavuja. Watu wa umeme niliwaendea mwenyewe wakanionyesha nyaya zao, polisi niliwaarifu, na jina la bosi nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Antoni nilimwambia ukweli wote, kwenye benchi la Ramnik. Akasema, "Nina sululu na koleo. Lakini alama za barabarani sina, vibao vyetu vyote vimeibwa. Bila alama polisi watatufukuza."

Alama. Nami nikaenda Kibosho, nikakata masale kwenye mpaka wa kihamba chetu, mzigo mzima. Asubuhi tulipokata lami niliyachomeka kuzunguka shimo, upande huu na upande huu, magari yaone yapite mbali. Naapa sikufikiria kingine. Nilikuwa nafikiria alama.

Wa kwanza kupita walikuwa wanawake wa kutoka juu, wanateremsha ndizi sokoni. Yule wa mbele aliona shimo, akaona masale yamelizunguka, kama yanavyozunguka makaburi yetu kule juu, akasimama. Akatua mkungu wake chini. Wenzake nao wakatua. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, nani amelala hapo?" Nikafungua mdomo nimwambie ni bomba, mama, pita tu. Sikuweza. Nikasema, "Ni kaka yangu."

Hawakuuliza zaidi. Walikaa kando ya mtaro, kanga kichwani, kama watu wa msibani. Wengine wakaja. Mwenye baiskeli alishuka. Lori lilizima injini na dereva hakupiga honi. Ramnik alitoka dukani, akasimama na sisi, akavua viatu. Antoni alikuwa anachimba kwa mikono sasa, ameacha koleo.

Mifupa haikuwepo, dada. Ardhi ile ni ya maji na yeye alikuwa mdogo mno. Udongo ulikuwa mweusi mahali pamoja tu, pembeni ya bomba la zamani, na ndani yake kulikuwa na bilauri. Imekuwa bapa. Rola walizopitisha kushindilia barabara, miaka yote hiyo, zimeibana mpaka mdomo umekutana na kitako. Lakini ule mstari wa maua unaonekana. Niliishika nikalia mbele za watu wote, mimi ambaye kwenye msiba wa Mama niligeukia mlima kwa sababu sikuthubutu kutazama mlichokuwa mnakifukia.

Habari ikafika ofisini kabla sijafika mimi. Mji mzima ulisema kuna kaburi barabarani na karani wa vibali ndiye amelifukua. Wakatafuta taarifa ya bomba kuvuja, hawakuiona. Bosi alilitazama jina lake, akanitazama mimi. Nimeachishwa kazi. Sikujitetea, hawakunionea. Antoni nilisema nilimdanganya, wamemwacha. Gladys alikasirika, ana haki, lakini jana nilimkuta anaifuta bilauri kwa majivu na ndimu, taratibu, kama anayeogopa kuiumiza. Sasa tunaishi kwa cherehani yake, na mimi nitapanda juu nishike kihamba. Lami tumeirudisha. Kiraka kinaonekana. Ukipita utakiona.

Ule udongo mweusi nimeuacha kwa Ramnik, kwenye debe, umefunikwa kwa kitambaa kimoja cha marehemu mama yake. Sikutaka uingie nyumbani kwangu wala upande mlimani kwa mikono yangu. Niliwahi kubeba udongo peke yangu, na unajua ulikofika. Barabara zikipitika, njoo. Uuchukue wewe, uunuse wewe, uupandishe wewe, nami nitatembea nyuma yako nimebeba bilauri. Nimeshachimba karibu na Mama, upande wa kifua chake. Shimo ni dogo na nimelifunika kwa majani ya mgomba mvua isilijaze.

Melkior anakusubiri, nami nakusubiri.

Mdogo wako, wa tatu kuzaliwa,
Remigius